Kichwa na mkia, katikati hakuna kitu

Kiinitete cha kwanza cha nzi nilichokitazama kwa makini hakikuwa na kiwiliwili. Kichwa kilikuwepo, au niseme zile ndoano nyeusi za mdomo. Mkia ulikuwepo, pamoja na vile vishungi viwili vya njia ya hewa ambavyo chini ya hadubini hung'aa kama pamba iliyosokotwa. Baina ya hivyo viwili palitakiwa kuwa na pingili kumi na moja. Palikuwa na kipande cha ngozi iliyokunjamana, kifupi, kama soksi iliyofuliwa kwa maji ya moto.

Nilidhani nimekiharibu mimi.

Nilikuwa na sababu ya kujishuku. Nilitoka Tanga na shahada ya ualimu wa baiolojia, nikapata ufadhili wa kusoma shahada ya pili ng'ambo, na maabara iliyonipokea ilikuwa ya nzi wa matunda, Drosophila melanogaster. Wiki mbili nzima kabla ya siku hiyo nilikuwa nachambua nzi wasio sahihi. Nzi ambaye jeni yake muhimu imeharibika hufugwa akiwa na nakala mbili, moja mbovu na moja nzima, na hiyo nzima hukaa kwenye kromosomu yenye alama. Alama ya kundi langu ilikuwa nywele za mgongoni: fupi na nene, kama mabua yaliyobaki shambani baada ya kuvuna. Kwa hiyo jike mwenye nywele ndefu za kawaida ndiye mwenye nakala mbili mbovu, na ndiye niliyemtaka. Mimi nikashika kinyume. Niliona nywele fupi ndiyo kasoro, na kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kutafuta wenye kasoro, nikawakusanya hao. Nikahesabu viinitete mia kadhaa, kila kimoja na pingili zake kumi na moja, kisha nikaenda kumwambia profesa, kwa ujasiri wa mgeni, kwamba jeni hii haina kazi yoyote.

Alikuja mezani kwangu, akainama kwenye hadubini, akawatazama nzi waliolazwa kwa hewa ya kabonidayoksaidi. Akauliza, "Unachagua wenye nywele zipi?" Nikamwambia. Hakucheka. Angecheka ningepata nafuu.

Basi nilipoanza upya na majike wa nywele ndefu, na yai la kwanza kabisa likanipa kile kitu kisicho na katikati, nilihisi ni mkono wangu tena. Labda nimeliacha sana kwenye jiki. Mayai ya nzi tunayaosha kwa jiki ili ganda la nje lilegee, na dakika moja ya kuzidisha inatosha kuharibu kazi. Nikatazama cha pili. Cha tatu. Vyote vilikuwa hivyo hivyo.

Jeni hiyo inaitwa Capicua. Mwenzangu mmoja wa maabara, Mkatalani, ndiye aliyenieleza jina. Kwao "cap i cua" ni kichwa na mkia. Tiketi ya basi yenye namba inayosomeka sawasawa kutoka mbele na kutoka nyuma huitwa hivyo, na katika dhumna ni pale mchezaji anapomaliza kwa kete inayoingia upande wowote, kichwani au mkiani. Hapo nilicheka peke yangu, maana dhumna naijua. Utoto wangu wote Baba alikuwa anacheza barazani baada ya alasiri, mimi nikipeleka kahawa na kashata, na kabla hujafika na sinia unasikia kete inavyogongwa mezani na mtu aliyebakiwa na moja tu, na moja hiyo inakubali kote kote. Sikuwahi kufikiri kwamba pigo lile lina jina katika lugha yoyote, sembuse kwamba jina hilo limepewa jeni.

Waliolitoa ni Gerardo Jiménez na Jordi Casanova wa Barcelona pamoja na wenzao, katika makala yao ya mwaka 2000. Waliona nilichokiona mimi miaka mingi baadaye, ila wao walijua wanatazama nini.

Kuna jeni nyingine ambayo jina lake lilikuwa limetangulia: Torso, yaani kiwiliwili. Trudi Schüpbach na Eric Wieschaus waliieleza katika miaka ya 1980. Wieschaus ndiye yule ambaye, akiwa na Christiane Nüsslein-Volhard kule Heidelberg, alifanya ule msako mkubwa wa jeni za pingili uliochapishwa mwaka 1980 na kuwapa Nobeli mwaka 1995, wakigawana na Edward Lewis. Mama nzi akikosa Torso, kiinitete chake kinabaki kiwiliwili, ncha zote mbili hazipo. Akikosa Capicua, ncha zipo na kiwiliwili hakipo. Ukiziweka picha mbili hizo kando kwa kando, unaona kila moja imechukua kilichoachwa na mwenziwe.

Na nimesema mama. Hilo nalo lilinichukua muda. Kiinitete kile kisicho na katikati huenda kimepata kwa baba yake nakala nzima kabisa ya Capicua, na haikisaidii. Yai la nzi linapotagwa limeshajazwa na mama protini na ujumbe wa RNA wa kutumia katika saa za mwanzo; jeni za mtoto mwenyewe zinaanza kazi kwa ukamilifu baadaye. Kufikia hapo, mahali pa kichwa na mahali pa mkia pameshaamuliwa kwa mali ya mama.

Saa hizo za mwanzo zina mambo. Kiini kimoja kinagawanyika kuwa viwili, vinne, vinane, mara kumi na tatu, kwa kasi ya dakika kama kumi hivi kila mgawanyiko mwanzoni, na wakati wote huo hakijajengwa ukuta wowote wa seli. Ni viini kama elfu sita ndani ya mfuko mmoja usiofika urefu wa milimita moja, vimejipanga chini ya utando wa nje kama watu waliokaa ukingoni mwa bwawa. Kuta zinashuka katikati yao baadaye, yai likiwa na umri wa saa tatu hivi. Kabla ya hapo, kila kiini kinapaswa kujua kipo wapi.

Torso ni kipokezi, yaani protini inayopokea ujumbe kutoka nje, na kimetandazwa kwenye utando wote, kuanzia ncha hadi ncha. Kinachokiamsha, protini iitwayo Trunk, kinapatikana katika hali ya kufanya kazi kwenye ncha mbili tu, kwa sababu seli maalumu za mama zilizolizunguka yai ziliacha alama kwenye ncha hizo. Na vipokezi vya pale nchani ni vingi kiasi cha kunasa karibu ujumbe wote usisambae. Kipokezi kikishaamka, ndani ya yai msururu wa vimeng'enya unapokezana habari hadi kufikia kimoja kiitwacho ERK, ambacho kazi yake ni kubandika fosfeti kwenye protini nyingine. Matokeo yake, pale nchani tu, zinaanza kufanya kazi jeni mbili, tailless na huckebein, na hizo ndizo zinazoandaa ncha za mwili.

Hadi hapa hadithi ni ile niliyofundishwa na niliyokuja kuifundisha: ujumbe unafika, jeni inawashwa. Ningeulizwa kwenye mtihani ningechora mshale kutoka ERK hadi tailless na kupata alama zangu.

Mshale huo ndio uliovunjwa na kiinitete changu. Ukiondoa Capicua, tailless inafanya kazi hata pale ujumbe haujafika. Ukiondoa vyote viwili, Torso na Capicua, kwa maana hakuna kipokezi wala ujumbe wa kupokea, tailless bado inafanya kazi. Kumbe muda wote jeni ile ilikuwa tayari. Viamsho vyake, yaani protini za kuiamsha, vimejaa yai zima, katikati hata pembeni. Kilichoifanya ikae kimya katikati ni Capicua, kizuizi kilichokaa juu ya DNA jirani na jeni hiyo, kwenye herufi zinazosomeka takriban TGAATGAA, kikishirikiana na mwenziwe Groucho. Na kazi ya ERK kule nchani ni kukigonga kizuizi hicho kwa fosfeti kiachie.

Nikisoma hayo kwa Kiingereza yalikuwa na uzito wa ajabu, kuzuia kwa kizuizi, hasi mara hasi. Siku moja nikiongea na mdogo wangu kwa simu, nikasikia nyuma yake mama anamwambia, "Hebu fungulia redio." Nikanyamaza. Taa tunaiwasha. Redio tunaifungulia, kama maji, kama ng'ombe asubuhi. Kiswahili kina kitenzi cha jambo hili na tunakitumia kila siku: kitu kipo, kimesukuma mlango muda wote, wewe unakiachia njia. Tangu hapo katika daftari langu sijaandika tena kwamba jeni ya tailless inawashwa. Inafunguliwa.

Mfano wa bomba unafaa zaidi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu sisi watu wa mabomba tunajua pia kwamba unaweza kufungulia na kisitoke kitu. Hilo ndilo jibu la swali lililonisumbua mno. ERK ni ile ile mwili mzima wa nzi. Inatumika kwenye ncha za yai, inatumika kwenye ovari, kwenye jicho, kwenye bawa. Iweje ujumbe mmoja ulete mkia huku na mshipa wa bawa kule? Sehemu kubwa ya jibu ni kwamba ujumbe hausemi "mkia" wala "mshipa". Unaondoa kizuizi, basi. Kitakachotoka kinategemea presha iliyokuwa nyuma ya bomba lile, yaani viamsho ambavyo seli ile ilikuwa navyo tayari kutokana na historia yake.

Katika ovari, kwa mfano, seli zinazolizunguka yai zinapata ujumbe kupitia kipokezi kingine, EGFR, kwa upande wa mgongo tu. Upande huo Capicua inaachia, jeni iitwayo mirror inafunguka, na mirror nayo inaizima jeni iitwayo pipe. Upande wa tumbo hakuna ujumbe, Capicua imekaa imara, mirror imefungwa, kwa hiyo pipe inafanya kazi, na pipe ndiyo itakayokuja kuliambia yai tumbo ni huku. Ukiyafuata kwa kidole unaona ujumbe umeandikwa mgongoni na habari imetokea tumboni. Kwenye bawa, Capicua hiyo hiyo inazuia jeni za mishipa zisifanye kazi kwenye nafasi iliyo kati ya mshipa na mshipa. Na kwenye tishu zinazokua inazuia ukuaji usipite kiasi. Nzi mzima amejaa mahali ambapo Capicua imekaa inasubiri kuambiwa achia.

Tailless nayo, usione jina lake la mkia, ni kizuizi. Kazi yake kubwa ni kuzifunga jeni za katikati ya mwili, Krüppel na knirps, zisiingie nchani. Ndiyo maana viinitete vyangu havikuwa na kiwiliwili: Capicua haikuwepo ya kuizuia tailless, tailless ikaenea hadi katikati, ikazifunga jeni za katikati. Ukitaka kujua ni nini "kilifanya" ncha za yule mdudu, utakuta orodha ya vitu vinavyokatazana.

Groucho, huyo mwenza wa Capicua, anastahili aya yake, japo kwa jina tu. Nzi wenye aina fulani ya hitilafu kwenye jeni hiyo huota nywele za ziada juu ya macho, nyusi nene kabisa, na waliomwona wakamkumbuka Groucho Marx, mchekeshaji wa Marekani. Groucho haijui kushika DNA. Inasubiri mwenye kushika aishike mkono, kisha wanaikalia jeni pamoja. Capicua ni mmoja wa wanaoialika, Hairy mwingine, wapo wengi. Na ERK inaweza kuibandika fosfeti Groucho yenyewe, ikapoteza makali. Kwa hiyo ujumbe mmoja unagonga penye mlinzi na penye bosi wa mlinzi. Watu wa nzi wana mzaha katika majina ambao nimeupenda. Kuna jeni yenye jina la Kijapani, fushi tarazu, maana yake pingili hazitoshi. Kiswahili tungeweza kuchangia kiasi, nikikumbuka tunavyopeana majina ya utani mitaani.

Sipendi kusema kwamba Capicua ni kanuni ya kila kitu, lakini ukishaizoea unaiona familia yake kila unakogeuka. Bawa la nzi likiwa bado ni kifuko ndani ya buu, protini iitwayo Dpp inatengenezwa kwenye mstari wa katikati na kusambaa pande zote mbili, ikipungua kadiri inavyokwenda mbali. Kwa muda mrefu maelezo yalikuwa kwamba seli zinapima Dpp na kufungua jeni kulingana na kipimo. Mwaka 1999 makundi matatu ya watafiti, kila moja kivyake, yakaeleza jeni ya brinker. Brinker ni kizuizi. Dpp inaizima brinker, na brinker inazizima jeni za bawa. Palipo na Dpp nyingi brinker haipo, palipo na kidogo brinker imejaa, kwa hiyo kuna miteremko miwili inayopishana kama watu kwenye ngazi. Na ukiiondoa brinker, baadhi ya jeni zile zinafanya kazi hata pasipo Dpp. Kipimo ambacho seli inasoma, kwa sehemu kubwa, ni kipimo cha kizuizi kilichobaki.

Notch ndiyo inayonifurahisha zaidi. Jina ni la zamani, tangu maabara ya Thomas Hunt Morgan pale New York katika miaka ya 1910, kwa ajili ya nzi wenye mabawa yaliyomegeka ukingoni. Kwenye njia hii protini inayokaa juu ya DNA huitwa Suppressor of Hairless. Pasipo ujumbe, inashikana na Hairless, wanawaita Groucho na wengine, na jeni inafungwa. Ujumbe ukifika, kipokezi cha Notch kinakatwa, kipande chake cha ndani kinaingia hadi kwenye kiini na kuchukua nafasi ya Hairless. Na protini ile ile iliyokuwa imeifunga jeni sasa inashiriki kuifungulia. Askari aliyekuwa amefunga geti ndiye anayekuelekeza pa kuegesha gari.

Kwa nini maumbile yafanye mzunguko wote huu badala ya kuwa na kiamsho kimoja na ujumbe mmoja? Nilimuuliza profesa swali hili nikitegemea jibu refu. Akasema nifikirie seli ambazo hazikutumiwa ujumbe. Nimelifikiria sana. Viamsho vya jeni ni vichache na vinatumiwa kila mahali, na hakuna kiamsho kinachokaa kimya kabisa. Katika yai la viini elfu sita, kama jeni ya mkia ingetegemea tu kutokuamshwa, basi huku na kule ingevuja kidogo. Kizuizi kinafanya ukimya uwe kazi inayofanywa na mtu, si bahati. Halafu mpaka unakuwa mkali: ujumbe wenyewe unafifia polepole kutoka nchani kwenda katikati, lakini jeni inafunguka hadi mahali fulani na kukoma. Haya ni mawazo yangu pamoja na yake, ila sijakutana na maelezo mengine yanayoniridhisha zaidi.

Kilichonishangaza baada ya hapo ni jinsi kuachia kunavyokwenda haraka. Pale Princeton, makundi ya Stanislav Shvartsman na Jared Toettcher walitengeneza nzi ambao njia yao ya ERK inaamshwa kwa mwanga wa buluu. Unamulika sehemu ya kiinitete, ERK inaamka pale tu ulipomulika. Kwa njia hiyo waliona Capicua inaachia DNA ndani ya dakika chache, kabla hata haijatolewa nje ya kiini. Na mwaka 2020 walionyesha jambo ambalo nilipolisoma nilisimama nikaenda kumwonyesha mwenzangu: viinitete visivyo na ujumbe wa asili wa nchani, ambavyo vingekufa, vilimulikwa mwanga kwenye ncha mbili kwa muda, na baadhi vikakua hadi kuwa nzi wazima wanaozaa. Taa ikafanya kazi ya mama. Tena taa rahisi, ya kuwasha na kuzima, bila ule mteremko wa kufifia polepole ambao vitabu vinausisitiza.

Binadamu tunayo Capicua pia, huandikwa CIC, kwenye kromosomu ya 19. Mwaka 2011 iligundulika kuwa imeharibika katika uvimbe mwingi wa ubongo wa aina ya oligodendroglioma. Kabla ya hapo, mwaka 2006, maabara ya Huda Zoghbi kule Houston ilikuwa imeonyesha kwamba inashikana na ataksini-1, protini ambayo ikiharibika kwa namna fulani mtu hupoteza taratibu uwezo wa kutembea sawasawa na kuongea. Sitaki kuuza nzi kwa kutaja magonjwa, ni tabia ya watu wanaoomba fedha. Ila nakiri kwamba niliposoma la uvimbe, soksi yangu iliyokunjamana ilibadilika machoni.

Nilirudi Tanga. Nafundisha kidato cha tano na cha sita, na mwaka huu niliamua kwamba wanafunzi wangu watahesabu pingili kwa macho yao. Hatuna nzi wa kununua. Tuliacha ndizi zilizoiva kupita kiasi kwenye dirisha la stoo, na kesho yake vinzi vikajaa.

Hapo bwana shamba mmoja aliyepita shuleni kwa shughuli nyingine alitushangaa. Kwake nzi wa matunda ni adui: ni yule mkubwa wa maembe, Bactrocera dorsalis, aliyeingia kutoka Asia na kuonekana Kenya mwaka 2003, anayetoboa embe likiwa bado mtini. Nikamweleza kwamba hawa ni ukoo mwingine, wanakuja kwenye tunda lililokwisha chacha, na kwamba wao si wageni, ni wa Afrika hii hii. Watafiti waliwakuta porini katika vilima vya Matobo, Zimbabwe, wakiishi kwa matunda ya mng'ongo, wakachapisha mwaka 2018. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Sawa, Madam, lakini wasivuke uzio."

Si wote tuliowanasa walikuwa wa kwetu. Wengine walikuwa na mistari myeupe mgongoni kama pundamilia. Hao ni Zaprionus, tukawatenga. Waliobaki tuliwaweka kwenye chupa za jemu na uji mzito wa mahindi na hamira, na stoo nzima ikanuka kama maabara yangu ya zamani. Sikuwaambia wanafunzi kwamba nilikaribia kulia kwa harufu ile. Mayai yakatagwa, baada ya siku moja mabuu wakatoka. Tukawaweka wachache juu ya kioo ndani ya tone la asidi laktiki, tukafunika, tukasubiri wang'ae.

Hadubini yetu ni moja na kioo chake kina mkwaruzo. Lakini ile mikanda ya vijimeno tumboni, ambayo buu huitumia kujikokota, inaonekana: mitatu myembamba ya kifuani, kisha minane minene. Walipanga foleni. Kila mmoja alihesabu kwa sauti na kuandika ubaoni. Kumi na moja, kumi na moja, kumi na moja. Binti mmoja wa kidato cha tano alikaa muda mrefu kuliko wenzake, wa nyuma wakaanza kulalamika.

"Madam, huyu ana kumi."

Nikamwambia huenda amelala upande, au kioo kimemkunja, ni jambo la kawaida sana. Akasogeza kioo kidogo kwa ncha ya kalamu, akahesabu tena.

"Kumi, Madam."

Nikavua miwani, nikainama, nikaanza kuhesabu kutoka kichwani. Nilipomaliza nikaanza tena kutoka mkiani.